Aliona au Alisikia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Barua za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Waraka ni nusu ya kuonana, na kati ya 1861 na 1865 mamilioni ya Wamarekani waliishi kwa nusu hiyo. Haya ni maswali ambayo wasomaji wa barua hizo hurudia kuuliza. Yanaanza na mambo ya kawaida kabisa, kama nani aliandika na posta ilifanyaje kazi, kisha yanaingia kwenye utata: uvumi, habari za vifo, na barua mashuhuri ambazo nazo zina kasoro zake. Kama misingi unaijua, ruka.

## Misingi

Ni vita gani hasa, na nani alimwandikia nani?

Ni vita kati ya Muungano, yaani majimbo ya Kaskazini chini ya Rais Abraham Lincoln, na majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga na kuunda Shirikisho lao chini ya Jefferson Davis ili kuulinda utumwa. Vilianza 12 Aprili 1861, ngome ya Fort Sumter huko South Carolina iliposhambuliwa. Kwa desturi husemwa vilikwisha 9 Aprili 1865, Jenerali Robert E. Lee wa Kusini aliposalimu amri mbele ya Jenerali Ulysses S. Grant wa Kaskazini pale Appomattox, Virginia, ingawa vikosi vingine vya Kusini viliendelea kwa wiki kadhaa. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 620,000 na 750,000, na wengi zaidi waliuawa na maradhi ya kambini kuliko risasi.

Walioandika ni wakulima, mafundi, walimu wa shule na vijana ambao hawakuwahi kulala nje ya wilaya yao. Waliwaandikia wake, mama, ndugu, wachumba, na mara nyingi mhariri wa gazeti la mji wao.

Je, askari wote walijua kusoma na kuandika?

Si wote, lakini wengi kuliko katika majeshi yaliyotangulia. Kwa makadirio ya kawaida, zaidi ya asilimia 90 ya askari weupe wa Kaskazini na zaidi ya asilimia 80 ya wale wa Kusini waliweza angalau kuandika barua ya kueleweka. Asiyejua alimwomba mwenzake wa hema au mchungaji wa kikosi. Kwa majeruhi kulikuwa na wauguzi na watu wa kujitolea. Mshairi Walt Whitman alizunguka katika hospitali za Washington akikaa kando ya vitanda na kuandika yale majeruhi aliyomtajia.

Kwa hiyo ukiona barua yenye mwandiko mzuri na saini iliyotetemeka, usishangae. Huenda mikono miwili imepita hapo. Habari za askari Weusi waliotoka utumwani zina sehemu yake huko chini.

Barua ilifikaje nyumbani, na kwa gharama gani?

Kaskazini, barua ya kawaida isiyozidi nusu aunsi ililipiwa senti 3. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi, tena mshahara ukichelewa kwa miezi, kwa hiyo hata stempu ilikuwa shida. Julai 1861 sheria iliruhusu askari atume barua bila stempu: afisa aliandika kwenye bahasha kwamba ni barua ya askari, akatia saini, na aliyeipokea ndiye aliyelipa. Kusini nako walifanya vivyo hivyo. Huko nauli ilikuwa senti 5 kwa safari isiyozidi maili 500 na senti 10 kwa iliyozidi, mpaka Julai 1862 ikawa senti 10 kila mahali.

Kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa. Inakadiriwa kuwa Washington pekee ilipitisha barua za jeshi kama 45,000 kwa siku, na Louisville, Kentucky, mara mbili ya hizo kwa majeshi ya magharibi.

Mwanzoni barua haikufika mlangoni. Mtu alikwenda mwenyewe posta, akapanga foleni. Inasimuliwa kwamba karani wa posta wa Cleveland, Joseph Briggs, aliwaona wanawake wakisubiri kwenye baridi kali ili kujua kama wana barua kutoka vitani, ndipo akashika bango la kutaka barua zipelekwe majumbani. Huduma hiyo ilianza bila malipo katika miji 49 tarehe 1 Julai 1863, siku ileile pigano la Gettysburg lilipoanza.

Nao utaratibu wa hawala ya fedha wa posta ulianza Novemba 1864, kwa sababu askari walikuwa wakitia noti ndani ya bahasha na noti zikiyeyuka njiani.

Ni kweli stempu zilitumika kama pesa?

Kweli, kwa muda. Mwaka 1862 watu wa Kaskazini walificha sarafu, chenji ikapotea madukani, stempu zikashika nafasi yake. Zilinatana mifukoni kwa jasho, zikawa kero. Serikali ikatoa noti ndogondogo zenye sura ya stempu.

Kwa nini barua nyingine zimeandikwa juu ya maandishi mengine?

Ni kubana matumizi ya karatasi. Mwandishi alijaza ukurasa kwa mistari ya kawaida, akaugeuza robo duara, akaandika tena mistari inayokatiza ile ya kwanza. Ukiinamisha karatasi kidogo macho huzoea, na mistari ya upande mmoja hujitenga na ya upande wa pili.

Kusini shida ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu Kaskazini ilikuwa imefunga bandari zao. Waliandika kwenye kurasa za daftari za hesabu, wakageuza bahasha nje ndani na kuituma mara ya pili, wakakata bahasha kutoka karatasi za kupambia kuta za nyumba. Wino ulichemshwa kutoka matunda ya porini. Ukiona bahasha yenye maua upande wa ndani, hayo si madoido, ni ukuta wa sebule ya mtu.

Barua zilivukaje kutoka upande mmoja wa vita kwenda wa pili?

Posta ya kawaida kati ya pande mbili ilikatwa mwishoni mwa Mei 1861. Kampuni binafsi ziliendelea kuvusha barua kwa muda, mpaka Agosti mwaka huo zikapigwa marufuku. Agosti hiyohiyo Kaskazini ilianza kutoa stempu mpya na kuzifuta za zamani, ili zile zilizobaki kwenye maghala ya Kusini zisigeuzwe fedha.

Njia halali iliyobaki ilikuwa bendera nyeupe. Barua zilikusanywa mahali pa kubadilishana, hasa Fort Monroe, Virginia, na masharti yalikuwa makali: ukurasa mmoja tu, mambo ya familia tu, bahasha ya ndani isifungwe ili ikaguliwe, na sarafu ya kulipia stempu ya upande wa pili iwemo.

Njia isiyo halali ilikuwa watu. Huko Missouri, Absalom Grimes, mfanyakazi wa meli za Mto Mississippi, alivusha barua za askari wa Kusini kwa familia zao zilizokuwa chini ya jeshi la Kaskazini. Alikamatwa na kutoroka zaidi ya mara moja, na akahukumiwa kifo, hukumu ambayo haikutekelezwa. Baada ya Kaskazini kuutwaa Mto Mississippi wote mwaka 1863, Shirikisho lenyewe lilitoza senti 40 kwa barua moja ya kuvuka mto huo, kwa sababu kila mfuko wa posta ulivushwa kwa siri.

## Habari na uvumi

Je, jeshi lilikagua barua za askari?

Hapana, si kwa utaratibu, na hili ndilo linalozipa barua hizi ladha yake. Hakukuwa na afisa wa kukaa na wino mweusi akifuta majina ya miji. Askari alitaja kikosi chake, idadi ya wagonjwa, jenerali anayemdharau, na mahali alipodhani wataelekea kesho. Waliokaguliwa ni wafungwa wa vita na barua za bendera nyeupe. Telegrafu nayo ilikuwa chini ya udhibiti.

Matokeo yake, karatasi ilikuwa hatari. Lee alisoma magazeti ya Kaskazini kwa bidii akitafuta humo habari za kijeshi. Kisa kikubwa zaidi si cha barua ya nyumbani bali cha amri: tarehe 13 Septemba 1862, karibu na Frederick, Maryland, Koplo Barton Mitchell wa kikosi cha 27 cha Indiana aliokota sigara tatu zilizofungwa katika karatasi. Karatasi ile ilikuwa nakala ya Amri Maalumu Namba 191 ya Lee, inayoonyesha jinsi alivyoligawa jeshi lake. Siku nne baadaye pande hizo zilikutana Antietam, na watu kama 23,000 waliuawa, wakajeruhiwa au wakapotea kwa siku moja.

Si askari aliyekuwepo ndiye anayejua ukweli kuliko mwanahistoria?

Anajua vizuri sana mita hamsini zake. Baruti ya wakati ule ilitoa moshi mzito mweupe, na baada ya milipuko michache mtu hakuwaona hata waliokuwa safu ya pili. Askari wa kombania moja angeweza kupigana kutwa pale Gettysburg bila kujua upande wa pili wa kilima kuna nini. Jioni alikaa na wenzake, kila mmoja akaleta kipande chake, na kesho yake akaandika nyumbani kana kwamba aliona vyote.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila sentensi ya barua ni moja: aliona au alisikia? Mara nyingi mwandishi mwenyewe anakuambia. Akisema kwamba risasi ilipita kwenye kibuyu chake cha maji na maji yakamchuruzikia pajani akadhani ni damu, huyo aliona. Akisema adui amepoteza watu elfu thelathini, huyo alisikia. Hakuna askari wa safu aliyehesabu elfu thelathini.

Kuna pia msemo utakaoukuta sana, wa askari kusema “nimemwona tembo.” Hakuna tembo. Walimaanisha kwamba wameonja vita kwa mara ya kwanza, na kwa kawaida aliyekwisha kumwona hakuwa na hamu ya kumwona tena.

Uvumi wa kambini ulizaliwaje?

Wenyewe waliuita telegrafu ya mzabibu, kwa kuwa ulijipinda na kutambaa kama mmea huo. Sisi tungeuita redio mbao. Vituo vyake vilikuwa vilevile kila kambi: madereva wa magari ya nyumbu, wapishi wa maofisa, walinzi wa mstari wa mbele waliozungumza na walinzi wa adui, wafungwa wapya, na askari watoro wa upande wa pili ambao walisema chochote ili walishwe.

Lakini si uvumi wote ulikuwa upuuzi. Amri ya kupika chakula cha siku tatu ikitolewa, kila mtu alijua safari ipo. Wagonjwa wakihamishwa kwenda nyuma, pigano li karibu. Askari wazoefu walisoma ishara hizi vizuri kuliko waandishi wa magazeti, na hapo methali ilitimia: lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Walikosea zaidi kwenye mambo ya mbali, kama kuanguka kwa miji, kufa kwa majenerali, na Uingereza na Ufaransa kulitambua Shirikisho. Hilo la mwisho lilingojwa Kusini miaka minne na halikutokea.

Katika majira ya baridi ya 1862 hadi 1863, majeshi mawili yalitazamana ng’ambo na ng’ambo ya mto Rappahannock huko Virginia. Askari walichonga vijimashua vya mbao na kuvishia tanga, wakavijaza tumbaku ya Kusini au kahawa ya Kaskazini, wakavisukuma vivuke. Magazeti yalisafiri humohumo. Kwa hiyo uvumi wa Richmond, mji mkuu wa Kusini, uliweza kunywewa na kahawa kwenye hema la Mkaskazini siku hiyohiyo.

Ni uvumi gani uliotikisa zaidi?

Nitataja michache ambayo utaikuta barua baada ya barua.

Shiloh, Tennessee, Aprili 1862. Usiku wa siku ya kwanza, tarehe 6, Jenerali Beauregard wa Kusini alipiga telegramu Richmond kutangaza ushindi kamili. Usiku uleule Grant alikuwa akipokea askari wapya, na kesho yake jeshi la Kusini likarudi nyuma. Kusini watu walisherehekea ushindi ambao ulikuwa umekwisha kuyeyuka.

Gettysburg, Julai 1863. Magazeti ya Kusini yalianza kwa kutangaza kwamba Lee ameshinda na ameteka watu 40,000. Ukweli ni kwamba Lee alikuwa akirudi Virginia na msururu mrefu wa magari ya majeruhi. Katika barua za Kusini za mwezi huo unaweza kuiona furaha ikipungua tarehe kwa tarehe.

Vicksburg, Mississippi, ndicho kisa ninachokipenda. Mji ulizingirwa siku 47, watu wakahamia mapangoni kukwepa mizinga, nyama ya nyumbu ikaingia mezani. Gazeti la *Daily Citizen* liliishiwa karatasi, likachapwa nyuma ya karatasi za kupambia kuta. Toleo la 2 Julai 1863 lilimkejeli Grant, ambaye ilisemekana ameapa kula chakula mjini humo tarehe 4: kabla ya kumpika sungura, lilisema, kwanza umkamate. Tarehe 4 mji ukasalimu amri. Askari wa Kaskazini waliingia kwenye kiwanda cha gazeti, wakakuta herufi zimepangwa tayari, wakaongeza aya chini yake kusema kwamba Grant amemkamata sungura wake, kisha wakachapa. Humo unasoma uvumi na kanusho lake katika ukurasa mmoja.

Habari hiyo yenyewe ilipanda mto kwa meli hadi Cairo, Illinois, ndipo ikashika waya. Lincoln aliipata tarehe 7.

Na uvumi wa makusudi ulikuwepo. Tarehe 18 Mei 1864 magazeti mawili ya New York yalichapisha tangazo la kughushi la Lincoln, la kuita watu 400,000 zaidi jeshini. Aliyelitunga, mwanahabari Joseph Howard, alitaka bei ya dhahabu ipande apate faida. Ilipanda. Naye akafungwa.

Barua zilichochea uvumi, au magazeti?

Vilichocheana. Barua haikuwa siri ya mtu mmoja: ilisomwa kwa sauti sebuleni, ikapelekwa kwa jirani, ikaishia kwa mhariri, ambaye aliichapa. Gazeti lile likarudi kambini kwa posta. Askari akakuta maneno yake mwenyewe, yamekolezwa chumvi, akayaamini upya kwa sababu sasa yamechapwa. Ukiona barua mbili za kambi moja zenye sentensi inayofanana mno, tafuta gazeti la wiki iliyotangulia.

Watu waliokuwa utumwani walipataje habari, wakati sheria za majimbo mengi ya Kusini zilikataza kuwafundisha kusoma?

Kwa masikio, na kwa ustadi mkubwa. Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani Virginia, alieleza jinsi mtu aliyetumwa posta, umbali wa maili kama tatu, alivyochelewa makusudi pale ili ayasikie mazungumzo ya wazungu waliokwisha kufungua barua na magazeti yao. Aliporudi, alizigawa habari kwa wenzake njiani. Nyumba kubwa ya bwana ilizipata baadaye, kutoka kwenye mkoba aliokuwa ameubeba yeye.

Mtandao huo ulikuwa na mipaka. Tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa maeneo yaliyoasi lilianza kutumika 1 Januari 1863, lakini lilimfaa mtu pale tu jeshi la Kaskazini lilipofika. Huko Galveston, Texas, amri ya kutangaza uhuru ilitolewa na Jenerali Gordon Granger tarehe 19 Juni 1865, miezi miwili na zaidi baada ya Appomattox.

## Habari za kifo

Familia ilijulishwaje kwamba mtu wao amekufa?

Hakukuwa na ofisi yenye wajibu wa kuandikia kila familia. Askari hawakupewa vibati vya utambulisho. Majina ya waliouawa yalitoka magazetini yakiwa na makosa mengi: jina limekosewa herufi, majeruhi kaandikwa marehemu, marehemu hayumo kabisa. Habari ya uhakika ililetwa na barua ya mwenzake wa hema, kapteni, muuguzi au mchungaji.

Askari walilijua hilo. Kabla ya shambulio la Cold Harbor, Virginia, Juni 1864, msaidizi wa Grant, Horace Porter, alieleza kuwaona askari wakiandika majina na anwani zao kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika mgongoni mwa makoti yao, ili maiti zao zitambuliwe.

Kisa cha Gettysburg kinaonyesha mambo yalivyokuwa. Askari mmoja alikutwa amekufa bila chochote cha kumtambulisha, isipokuwa picha ya watoto watatu mkononi. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha za kamera, kwa hiyo Oktoba 1863 gazeti la *Philadelphia Inquirer* liliieleza kwa maneno: mdogo katikati, na nguo ya kaka mkubwa imeshonwa kwa kitambaa kilekile cha gauni la dada yake. Maelezo hayo yakanakiliwa na magazeti mengine mpaka yakamfikia Philinda Humiston huko Portville, New York, ambaye hakuwa amepata barua ya mumewe tangu kabla ya pigano. Aliomba nakala ya picha, akapelekewa. Watoto walikuwa wake, na maiti ile ilikuwa ya Sajenti Amos Humiston.

Kwa nini barua za rambirambi zinafanana sana?

Kwa sababu waandishi walijua familia itauliza nini. Aliumia? Alikuwa peke yake? Aliomba? Alitutaja? Amezikwa wapi? Wakristo wa enzi hiyo waliamini kwamba saa ya mwisho ya mtu hufunua hali ya roho yake, na kufia mbali na nyumbani kuliwanyima ndugu nafasi ya kuiona. Barua ikawa badala ya kukaa kando ya kitanda.

Kwa hiyo uwe na tahadhari na ile “alikufa kwa amani, akitabasamu.” Mwandishi anaweza kuwa aliona, alisikia, au alimhurumia mama. Maelezo ya kaburi, kwa upande wake, kwa kawaida ni ya kuaminika: mti gani, uzio upi, ubao umeandikwa nini. Hayo yaliandikwa ili mtu aje na jembe.

Na wale ambao hawakuandikiwa barua yoyote?

Ni maelfu kwa maelfu. Clara Barton, aliyekuwa amehudumia majeruhi vitani, alifungua ofisi ya kuwatafuta waliopotea huko Washington mwaka 1865. Hadi 1868 ilikuwa imepokea barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za watu zaidi ya 22,000.

Alisaidiwa sana na mfungwa mmoja. Katika gereza la Andersonville, Georgia, walifariki karibu wafungwa 13,000 wa Kaskazini, na kijana Dorence Atwater, aliyepewa kazi ya kuandika orodha ya vifo, alinakili orodha ya pili kwa siri na kutoka nayo. Kwa orodha hiyo makaburi mengi yalipewa majina.

Barua ya Lincoln kwa Bi Bixby ni ya kweli?

Barua ilikuwepo, ilichapishwa Boston Novemba 1864, na inampa pole Lydia Bixby kwa kufiwa na wana watano vitani. Tatizo ni kwamba waliouawa ni wawili. Lincoln alipewa taarifa mbaya na maofisa. Karatasi ya asili haijapatikana, na wapo wanaoamini aliyeiandika ni katibu wake, John Hay. Nakala za kuchapwa zilienea sana baadaye, kwa hiyo yako iliyo ukutani si ile ya asili.

## Barua za askari Weusi

Zipo? Na zinasema nini tofauti?

Zipo, na ni miongoni mwa kali kuliko zote. Askari Weusi kama 180,000 walitumikia jeshi la Muungano. Waliandika kuhusu mapigano kama wengine, lakini pia kuhusu mshahara na kuhusu watoto waliobaki mikononi mwa mabwana.

Koplo James Henry Gooding wa kikosi cha 54 cha Massachusetts alituma barua mfululizo kwa gazeti la mji wa New Bedford, na tarehe 28 Septemba 1863 akamwandikia Lincoln mwenyewe: wao ni askari au ni vibarua? Walikuwa wakipewa dola 10, na 3 kati ya hizo zikikatwa za mavazi, wakati mzungu alipata 13. Sheria ya malipo sawa ilipitishwa Juni 1864. Wakati huo Gooding alikuwa mfungwa Andersonville, na alifariki mwezi uliofuata.

Spotswood Rice, aliyetoroka utumwani Missouri na kuingia jeshini, aliandika barua mbili Septemba 1864 akiwa hospitalini St. Louis. Moja aliwatumia binti zake, kuwaambia wavumilie, anakuja. Nyingine alimwandikia Kitty Diggs, aliyekuwa akimshikilia mmoja wao, akimwonya kwamba mtoto ni wake na kwamba atakuja na askari. Kaka wa Kitty huyo alikuwa mkuu wa posta wa mji wa Glasgow, Missouri. Alikasirika, akazipeleka barua kwa jenerali ili Rice aadhibiwe. Kwa kufanya hivyo akazihifadhi kwenye majalada ya serikali, na ndiyo maana tunazisoma leo.

## Ukiwa na barua mkononi

Kwa nini pigano moja lina majina mawili?

Kaskazini walipenda kutaja mto au kijito, Kusini wakataja mji au kituo. Bull Run na Manassas ni mahali pamoja. Vivyo hivyo Antietam na Sharpsburg, Stones River na Murfreesboro. Jina lililotumika hukudokezea upande wa mwandishi hata kama saini imepotea.

“Inst.” na “ult.” zinazofuata tarehe ni nini?

Ya kwanza ni mwezi huu, ya pili ni mwezi uliopita. “Barua yako ya 20 ult.” iliyoandikwa Julai ni ya 20 Juni. Watu wengi hupotea hapa, kisha wanalaumu posta.

Barua ya Sullivan Ballou inayosomwa sana ilitumwa kweli?

Haikutumwa. Meja Ballou wa kikosi cha 2 cha Rhode Island aliiandika 14 Julai 1861 kwa mkewe Sarah, wiki moja kabla ya pigano la kwanza la Bull Run, ambako alijeruhiwa vibaya na kufariki siku chache baadaye. Ilikutwa kwenye sanduku lake. Tulizo nazo ni nakala. Karatasi ya mkono wake haijulikani ilipo.

Barua hizi nazisoma wapi bila malipo?

Anza na Maktaba ya Bunge la Marekani na Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo, ambazo zimeweka nyingi mtandaoni. Usiyaruke majalada ya pensheni za wajane. Mjane aliyetakiwa kuthibitisha ndoa yake mara nyingine hakuwa na cheti, akatoa barua za mumewe kama ushahidi, na hazikurudishwa. Upo pia mkusanyo ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Virginia, unaolinganisha wilaya mbili, Augusta ya Virginia na Franklin ya Pennsylvania. Ni mzuri kwa kuona uvumi mmoja ukipokewa kwa namna mbili.

Barua ya babu wa mtu inapingana na kitabu cha historia. Niamini ipi?

Usichague haraka. Angalia kwanza tarehe ya barua na siku ya tukio: iliyoandikwa jioni ya pigano ina macho zaidi, ya wiki mbili baadaye ina magazeti zaidi. Kisha pitia sentensi moja moja kwa penseli, ukitia alama kwa yale aliyoyaona na alama nyingine kwa yale aliyoyasikia, kama nilivyoeleza kwenye swali la askari na mwanahistoria. Kama mgongano uko kwenye yale aliyoyasikia, kama idadi ya maiti za adui au jina la jenerali aliyeuawa, kitabu kina uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Kama uko kwenye aliyoyaona, kwa mfano anasema mvua ilinyesha usiku huo na kitabu kinasema ilikuwa kavu, tafuta barua ya mwenzake wa kombania ileile. Wanaume wawili waliolala kwenye tope moja hawasahau.